Stoo ya Michezo: Gereji imejaa viatu, mzigo uanzie wapi?

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu jambo moja: wasomaji walio nje wanaokusanya jezi, viatu na mipira kwa ajili ya watoto wa huku nyumbani. Nimeziweka pamoja. Kwa wageni wa safu hii, nilifundisha shule ya msingi wilayani Kasulu, Kigoma, kwa miaka 27, na kwa miaka 19 kati ya hiyo ufunguo wa stoo ya michezo ulikuwa kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikifungua maboksi yakifika, kwa hiyo najibu kutoka upande huo.

*

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mkongomani, mzaliwa wa Fizi, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huko kwenu Kasulu, na sasa naishi Marekani na mume wangu na watoto watatu. Watoto wanacheza soka hapa, na kila msimu miguu inakua na viatu vinabaki. Nikawaomba wazazi wenzangu wa timu. Nilitegemea jozi kumi. Baada ya miezi mitatu gereji imejaa hadi gari linalala nje: viatu, jezi, mipira kama 40, hata helmeti za mchezo wao wa hapa. Nataka vyote viende Nyarugusu. Mume wangu anasema tulipie nafasi kwenye kontena. Nianzie wapi?
Mama wa watatu, Columbus, Ohio

Marahaba, mwanangu, na hongera. Umekumbuka ulikotoka, na wazazi wenzako wamekuamini.

Sasa nikuombe jambo gumu. Funga gereji. Usipokee hata soksi moja zaidi, na hiyo nafasi ya kontena msiilipie bado. Mzigo wako umeanza na vitu vilivyozidi huko Ohio. Ulitakiwa kuanza na miguu ya watoto na udongo wanaoukanyaga, halafu ndiyo uingie gerejini kuchagua.

Nikueleze kwa nini nasisitiza. Mwaka mmoja shuleni kwetu tulipokea maboksi sita kutoka kwa kikundi cha watu wema wa Ulaya. Ndani mlikuwa na jozi 58 za viatu vya mpira. Watoto waliimba mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Jioni nikakaa chini na daftari kuzipanga. Jozi 41 zilikuwa za watu wazima, namba 42 na kuendelea. Tisa zilikuwa na meno marefu ya chuma. Zikabaki nane zilizomtosha mtoto wa shule ya msingi. Nikawapa wachezaji wanane, na hilo ni kosa langu, hakuna mwingine wa kulaumiwa. Jumamosi tulicheza, wanane wana viatu na waliobaki wako peku. Dakika ya ishirini hivi mtoto mmoja alikanyagwa, ukucha wa kidole gumba ukang'oka wote. Nilimbeba mgongoni hadi zahanati, naye alikuwa ananiomba radhi kwa kulia.

Tangu siku ile tuliweka sheria iliyodumu mpaka nastaafu: kwenye mechi ama wote wavae, ama wote wavue. Ndiyo maana nakuambia kwamba jozi 22 zinazolingana, hata za raba za kawaida, zina faida kuliko jozi nane za viatu vizuri mno.

Basi mtafute mwalimu au kocha mmoja, mtu anayefahamiwa na ndugu zako waliobaki, umwombe akuchoree miguu. Mtoto anasimama juu ya karatasi ya daftari, mwenzake anazungusha penseli, wanapima kwa rula kutoka kisigino hadi kidole kirefu, wanaandika sentimita pembeni. Karatasi 30 zinapigwa picha na kukufikia kwa simu jioni ileile. Ongeza sentimita moja kwa kila kipimo, ukatafute kiatu chenye urefu huo ndani. Namba zilizoandikwa kwenye viatu usizitegemee sana, maana kiatu cha mtoto kilichoandikwa 4 huko kwenu, Uingereza ni tatu na nusu, na kwa namba za Ulaya, ambazo wauza mitumba wetu wanazijua, ni 36. Sentimita haibadiliki. Angalia na upana. Mguu uliokua bila kiatu hutanuka mbele kwenye vidole, na kiatu chembamba kitaubana hata kama urefu umetosha.

Halafu udongo. Uwanja wa kule unaukumbuka, ardhi nyekundu ambayo kufikia Agosti inagonga kama sakafu. Meno marefu yametengenezwa kwa majani laini yenye unyevu. Kwenye ardhi ngumu hayazami, mtoto anakuwa kama amesimama juu ya vigingi, na kifundo cha mguu kinateguka. Hivyo vya meno ya chuma viweke kando kabisa. Tafuta vyenye vijimeno vingi vifupi vya mpira, vile wanavyovaa kwenye nyasi bandia. Huko Marekani vimejaa, na kwa ardhi yetu sijaona vinavyofaa zaidi.

Kila jozi uikunje kwa mikono kabla ya kuiweka kwenye mzigo. Soli za povu la poliyurethani huoza polepole kwa unyevu wa hewa hata kiatu kisipovaliwa. Jozi iliyokaa sandukuni miaka kumi inaweza kung'aa kama mpya na kumegeka siku ya kwanza uwanjani. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikibonyea na kuacha alama, au ikitoa unga, hiyo imekwisha. Zilizo nzima zioshe, tope lote litoke, kwa sababu udongo wa nchi nyingine hubeba magonjwa ya mimea na maofisa wa mipakani hawaupendi. Zikauke kabisa, ufunge kamba za kushoto na kulia pamoja. Jozi iliyoachana njiani ni takataka mbili.

Mipira 40 uliyonayo, ni namba ngapi? Geuza kila mmoja usome. Namba 5 ni ya miaka 13 kwenda juu. Watoto wa miaka 8 mpaka 12 wanafaa namba 4, na walio chini ya hapo namba 3. Madukani kwetu utakuta namba 5 tupu, na mtoto wa darasa la pili anaupiga kwa nguvu zake zote mpaka goti linamuuma. Ukikuta namba 4 na 3, hizo ndizo za kuweka juu ya orodha. Toa upepo wote, ukunje kila mmoja uwe bakuli, uupachike ndani ya mwenzake. Hesabu yake ni hii. Boksi la sentimita 66 kwa 44 kwa 44 linaingia mipira 12 iliyojaa upepo. Mizani itakuambia kilo tano na ushee. Lakini kampuni za vifurushi vya ndege huzidisha urefu, upana na kimo, zikagawa kwa 5,000, na boksi hilo linakuwa la kilo 25 na nusu. Utalipia kilo ishirini za upepo. Mipira hiyohiyo ikiwa mabakuli inaingia kwenye begi moja la kawaida.

Kila mipira kumi iambatane na pampu moja na sindano kumi. Hapa naomba unisikilize sana. Niliwahi kukaa na mipira saba mizima stooni muhula mzima kwa sababu sindano yetu pekee ilivunjika, na Kasulu mjini nilizunguka maduka yote bila kupata nyingine. Watoto walicheza chandimu, mpira wa nailoni na kamba za migomba, huku mipira ya kweli imenyauka rafuni. Kitu kinachoenea kwenye kiganja kilitunyima muhula wa michezo. Na mwalimu aelezwe kulowesha sindano kabla ya kuiingiza, la sivyo itachana vali.

Kama kuna fedha zimebaki, usinunue mipira mipya huko. Nairobi kuna Alive and Kicking, tangu 2004, wanaoshona kwa mkono mipira ya ngozi inayostahimili viwanja vya mawe na vumbi, na mshonaji anapata riziki yake hapahapa. Kwa sehemu zenye mbigili na miiba upo pia One World Futbol, ulioanza kutolewa 2010, wa povu usiohitaji pampu maisha yake yote. Kwa mguu wangu unaruka tofauti na wa ngozi, lakini sijaona mwiba ulioushinda.

Helmeti zirudishe kwa wenyewe, mchezo huo huku haupo. Nguo za ndani zilizovaliwa, pamoja na sidiria za michezo, usizifungashe, kwani Tanzania imepiga marufuku kuingiza nguo za ndani za mitumba. Wasichana wanazihitaji kweli, basi zinunuliwe mpya.

Tuje kwenye njia. Unajua kambi haiingiliki kama mtaa. Ruhusa hutoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na shughuli za kambini zinapita kwa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na mashirika wanayofanya nayo kazi. Kwa hiyo mpokeaji wako awe shirika ambalo tayari linahudumia elimu au watoto ndani ya kambi, nalo likuandikie barua ya kukubali vitu hivyo likivitaja kwa idadi. Bila barua hiyo usisafirishe hata boksi moja. Msamaha wa kodi huombwa kabla mzigo haujafika, na huombwa na taasisi iliyosajiliwa. Mzigo ukija kwa jina la binamu yako, forodha watauona ni mitumba ya biashara. Kila siku unayohangaikia karatasi, tozo za bandarini zinapanda. Nimeona msaada ulioachwa Dar es Salaam kwa sababu gharama za kuutoa zilizidi thamani ya vilivyomo. Wakala wa forodha umwulize pia kuhusu cheti cha kupuliziwa dawa kwa nguo na viatu vilivyotumika.

Na naomba usizisahau shule za vijiji vya jirani na kambi. Mtoto wa Kiha aliye ng'ambo ya barabara naye anacheza peku. Vitu vikiishia upande mmoja, chuki inakuja kuota palepale ulipotaka kupanda urafiki.

Una mtu wa kumtazama. Awer Mabil alizaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, mwaka 1995, akahamia Australia mwaka 2006, akafika mpaka timu ya taifa ya huko. Yeye na ndugu yake walirudi Kakuma na viatu na jezi, wakaanzisha shirika la Barefoot to Boots. Walipokuwa pale waliuliza na kusikiliza, na shughuli yao ikapanuka hadi vifaa vya hospitali na taulo za kike za wasichana. Walianza na mizigo waliyoibeba wenyewe.

Nawe anza hivyo. Masanduku mawili ya kilo 23, ya kwako au ya jirani anayekwenda nyumbani, yanabeba jozi kama 60 za watoto. Beba barua ya mwaliko na orodha ya vilivyomo, uvitangaze mwenyewe forodhani kabla hujaulizwa. Masanduku hayo yakifika salama na mwalimu akakutumia daftari la mapokezi, ndipo muongee na mumeo habari za kontena. Vinavyobaki gerejini wape timu za mitaa ya wahamiaji hapo hapo Columbus. Hata huko wapo watoto ambao wazazi wao hawawezi kununua viatu, na wengine wametoka Nyarugusu kama wewe.

*

Mwalimu mwenzangu, hujambo. Mimi hufunza shule ya msingi huku Kilifi, na pia ni kocha. Tumeletewa jezi na viatu na marafiki wa ng'ambo. Tunashukuru. Sasa wanataka kila mtoto apigwe picha akishika jezi yake na karatasi yenye jina, umri na neno la shukrani, ziwekwe mitandaoni. Wazazi wengine hawapendi. Tena karibu nusu ya vitu havitufai, na naogopa kusema wasije wakatuacha. Nifanyeje?
Mwalimu wa michezo, Kilifi

Sijambo, mwenzangu. Hofu yako naijua. Mimi niliibeba miaka mingi, nikawa napokea kila kitu na kusema asante, na stoo yangu ikajaa vitu vilivyolala huku watoto wakikosa vinavyotumika. Wafadhili wetu hawakujua, kwa sababu mimi sikuwaambia.

Picha ile ikatae. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na jina, umri, uso na shule vikiwekwa pamoja kwenye mtandao ni taarifa nyingi kuliko anazopaswa kujua mtu wa mbali. Waandikie hivyo, kwa upole na kwa uwazi, na katika barua hiyohiyo wape kitu kizuri zaidi. Wape picha ya mechi yenyewe, vumbi limetimka, watoto wanakimbilia mpira, sura hazionekani vizuri na furaha inaonekana kabisa. Waambatishie ukurasa wa daftari la stoo: jezi 30 zimepokelewa tarehe fulani, 28 zinatumika, mbili zimechanika, mechi tisa zimechezwa. Mfadhili makini akipata ukurasa huo ataupenda, kwa sababu unamwonyesha jezi yake inafanya kazi gani.

Mtoto hadaiwi uso wake kwa sababu amevaa fulana. Kama ni lazima atoe kitu, watazame wenzenu wa Mathare, Nairobi. MYSA, chama cha michezo kilichoanzishwa huko mwaka 1987, kiliweka utaratibu wa timu kupata pointi za ligi kwa kusafisha mitaa yao. Kijana anaokota taka, timu yake inapanda kwenye msimamo. Hapo mtoto ameingia kama mwenyeji wa mtaa anayetoa na kupokea, kichwa chake kiko juu. Kutoka kwenye mpango huo ilizaliwa Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008.

Kuhusu vitu visivyofaa, orodhesha sababu kwa kila kimoja: hiki ni kikubwa, hiki kina meno ya chuma, hiki soli imeoza. Kisha andika kinachohitajika, kwa idadi na kwa kipimo. Usiandike "tunaomba vifaa vya michezo". Andika "mipira sita namba 4, filimbi mbili, seti moja ya vizibao saba vya netiboli vyenye herufi". Mtu aliyejitolea kusaidia hupenda kuambiwa la kufanya. Akikasirika kwa kuambiwa ukweli, heri kumjua sasa.

Na jezi zibaki mali ya timu. Ziandike namba kwa wino usiofutika, zifuliwe pamoja baada ya mechi, zirudi stooni. Ukizigawa mtoto kwa mtoto, baada ya mwezi utazikuta sokoni. Usimlaumu mzazi aliyeiuza ili anunue unga.

*

Assalaam alaykum Bi Mwalimu. Nipo Muscat, asili yetu Wete, Pemba. Mwezi ujao naenda nyumbani na nina nafasi kwenye mizigo. Nimeulizia, skuli inataka nyavu za magoli, na wasichana wanataka vitu vya netiboli. Nyavu za hapa ni ghali na nzito. Ninunue?
Dada wa Wete, Muscat

Waalaykum salaam, dada yangu. Umeanza kwa kuulizia, umenifurahisha.

Nyavu usinunue. Pemba nzima imejaa watu wanaojua kufuma na kuziba nyavu tangu utoto, na wewe unataka kuzibeba kutoka Oman! Goli kamili lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Mpelekee mvuvi vipimo hivyo, ongeza kina cha nyuma, nunua uzi wa nailoni mnene palepale, umlipe ufundi wake. Wavu ukichanika, fundi yuko jirani na skuli.

Nafasi ya mizigo ijaze vitu vya wasichana. Vizibao saba vyenye herufi, GS, GA, WA, C, WD, GD na GK, viwe seti mbili za rangi tofauti. Bila herufi mwamuzi hawezi kujua nani ametoka nje ya eneo lake, mchezo unageuka vurugu. Mpira wa netiboli namba 5, ulio na ngozi ya kukwaruza ambayo haitelezi mikononi. Kisha taiti ndefu, fulana nyepesi za mikono mirefu na mitandio ya michezo inayobana bila pini, ambayo Muscat mnayo ya kila rangi. Wapo wasichana wanaokaa pembeni ya uwanja kwa kukosa tu nguo ambayo mama yao atairidhia. Chuma cha goli fundi wa Wete atakikunja: kimo mita 3.05, upana wa pete sentimita 38.

Ukibakiwa na nafasi na fedha, nakuomba kwa niaba ya wengine: ulizia kama kuna skuli ya jirani yenye wanafunzi wasioona. Mchezo wa mpira wa goli (goalball), wanaocheza watatu kila upande huku macho yamefunikwa, unahitaji mpira wenye njuga ndani, wa kilo moja na robo. Huo dukani kwetu hutaupata. Mistari ya uwanja wanaitengeneza wenyewe, kamba inalazwa chini ya utepe ili mchezaji aipapase kwa vidole. Ukumbi ukinyamaza ukasikia njuga zile zinabingirika kuelekea kwa mtoto aliyelala kuzuia, hutasahau.

*

Mwalimu, nakusanya jezi hapa London na rafiki zangu. Shangazi yangu ananisema: watoto wana njaa, hawana dawa, wewe unawapelekea mipira? Sina jibu.
Kijana wa Tandika, London

Mwanangu, usimjibu shangazi kwa ubishi, kwa sababu swali lake ni la haki. Msimulie habari hii.

Mwaka 1993 Mnorwe Johann Olav Koss, mkimbiaji wa mashindano ya kuteleza juu ya barafu, alikwenda Eritrea, nchi iliyokuwa imetoka vitani. Aliwakuta wavulana wanacheza na fulana iliyoviringishwa, mikono yake ikatumika kufungia fundo ili iwe mpira. Mwaka uliofuata alishinda medali tatu za dhahabu kwenye Olimpiki ya Lillehammer, akawaomba watoto wa Norwei watoe vifaa vyao vya michezo. Vikaja vingi mno. Alipokuwa anaondoka navyo, watu walimsema kama anavyokusema shangazi yako: nchi ina njaa, unapeleka mipira. Koss mwenyewe amesimulia kwamba alifika kwa rais wa Eritrea akiwa na aibu, akaomba radhi. Rais akamjibu kwamba hiyo ni zawadi kubwa kuliko zote walizowahi kupokea, kwa kuwa kwa mara ya kwanza wametendewa kama binadamu, si kama viumbe wa kuwekwa hai tu.

Mimi ninaamini maneno hayo, kwa sababu nimewaona watoto waliokuja shule wakiwa hawajala wakabaki mpaka jioni kwa ajili ya mpira, na hao ndio niliowajua kwa majina na kuwafuatilia nyumbani. Uwanja ndio ulionionyesha nani mgonjwa, nani amepigwa, nani ameacha kuja.

Lakini msimulie na sehemu ya pili. Kazi ya Koss haikuishia kwenye ndege ya vifaa. Ilizaa shirika la Right To Play, na msisitizo wake ukawa kuwafundisha walimu na makocha, maana mpira bila mtu mzima wa kuusimamia huchukuliwa na wavulana wenye nguvu na wadogo wanatazama. Kwa hiyo wewe na rafiki zako mkishapata jezi, changeni pia nauli na posho ndogo ya kocha kwa msimu mmoja. Na mwulize shangazi kama atachangia uji wa siku ya mechi. Nadhani atakubali.

*

Shikamoo Bibi Mwalimu. Nina miaka 11. Viatu vyangu vya mpira vinanibana lakini bado vizuri. Mama anasema vitakwenda Tanzania kwa mtoto mwingine. Naweza kuweka barua ndani? Niandike nini?
Mjukuu wako, Leicester

Marahaba, mjukuu wangu. Kwanza vioshe mwenyewe, mama asikusaidie. Sugua tope katikati ya meno kwa mswaki wa zamani, uvikaushe kivulini na usiviweke kwenye hita, gundi itaachia. Toa soli ya ndani, uipime kwa rula, uandike sentimita zake kwa kalamu kwenye ulimi wa kiatu. Funga kamba pamoja.

Barua weka, tena kwa Kiswahili, hata kama utakosea. Usiandike kwamba unamwonea huruma, kwa sababu humjui na yeye huenda anakushinda kwa chenga. Mweleze viatu hivi vimefunga magoli mangapi. Mwambie kama kile cha kulia kinabana kidogo kwenye kidole gumba, ili ajiandae. Na umwandikie unacheza namba ngapi, maana hilo ndilo swali la kwanza atakalouliza.